Mpini wa Upande wa Chini

"Dola mia nane, Zenaida! Mia nane! Na wewe umekuja mlimani na kichupa cha rangi ya kucha!"

"Na nitashuka nazo hizo mia nane, na kucha zangu zote zikiwa na rangi," Zenaida akanijibu. "Wewe kaa hapo unune, binamu. Kununa hakulipwi."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa maharagwe, na nasema wazi kwa sababu kuficha sikukujua: nusura nimtwange nao.

Nieleze. Kila kiangazi ofisi ya misitu ilikuwa ikituajiri sisi vijana wa vijiji vya kaskazini mwa New Mexico, ikitulipa kwa saa, tufungue njia za milimani. Tulikata miti iliyoangushwa na upepo, tukachimba mifereji, tukabeba mawe. Bibi yangu Escolástica alikuwa akicheka kwa uchungu. "Babu yako alikata miti huko huko bila kumwomba mtu ruhusa, enzi mlima ulipokuwa wetu. Leo wanakulipa uwafagilie njia wageni wenye mabegi." Lakini mshahara niliuleta nyumbani, na Bibi aliula.

Mwaka ule wakaongeza jambo. Mwisho wa Agosti, mkataji bora angepewa dola mia nane, na angebaki kazini mpaka theluji ianguke. Mmoja tu. Na mimi niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Shule ilinishinda, nasema wazi. Bila mlima kulikuwa na kuosha vyombo katika hoteli ya barabarani, kama mama, mpaka mikono ichubuke kama yake. Kukata nilijifunza mwenyewe, nikikaza macho kwa wakubwa, nikinoa meno ya msumeno kwa tupa ya marehemu babu. Hakuna aliyenishika mkono.

Halafu akaja Zenaida, mtoto wa shangazi yangu, kutoka Albuquerque. Hajawahi kushika hata shoka. Na kabla mwezi haujaisha, alikuwa akikata kama mtu aliyezaliwa juu ya gogo.

Angekuwa hajui, ningempenda.

Sehemu ile ya msitu injini ni marufuku kisheria, kwa hiyo tulitumia msumeno mrefu wa watu wawili, mpini huku na mpini kule. Msumeno huo hausukumwi. Unavuta, unaachia, mwenzako anavuta, anaachia. Ukisukuma unapinda, na mwenzako ana haki ya kukutukana. Ukipata anayevuta sawa na wewe, msumeno unaimba. Kweli kabisa, unaimba, rrriiii... rrriiii..., na mkono hausikii kazi. Na kwenye mteremko mmoja husimama juu, mwingine chini. Chini ni pabaya, maana gogo likikatika huko ndiko linakobingirikia. Ndiyo maana kila gogo mnabadilishana. Hakuna anayeandika. Kila mtu anaijua zamu yake.

Misumeno ya ofisi ilikuwa butu. Nami nilijua kwamba katika banda la Bibi kuna msumeno wa babu, wa chuma cha zamani, unaolia ukiugonga kwa ukucha. Ulikuwa umetundikwa na mpini mmoja tu. Wa pili niliukuta chini ya kitanda cha Bibi, umefungwa kwenye kitambaa cheusi, umewekwa chumvi. Niliona ni uzee. Wazee wanafunga kila kitu kwenye kitambaa. Nikauchukua, nikaufunga kwenye bati la msumeno, nikakaza nati. Bibi alikuwa kanisani.

Basi jioni ile ya ugomvi, Hadley, kiongozi wetu, msichana mrefu wa Vermont asiyejua kupika hata yai, alitukatiza. "Acheni makelele. Zenaida, leo umenishangaza. Mikono ile umeitoa wapi?"

Wote wakamsifu. Na mimi, ili nisionekane mbaya, nikasema, "Kweli, binamu. Una mikono mizuri."

Kwetu ukimsifu mtu unamgusa. Bega, nywele, popote, ili jicho lako lisibaki juu yake. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Zenaida na umjini wake wote alilijua. Alingoja. Akainamisha bega lake kidogo upande wangu...

Nikageukia sufuria yangu.

"Msumeno uko wapi?" Hadley akauliza ghafla.

Mchana mvua ya mawe ilitufukuza kazini, tukakimbia na radi juu ya vichwa. Mimi nilidhani ameubeba Zenaida, mwenzangu wa msumeno. Yeye alidhani nimeubeba mimi.

"Umeachwa kwenye gogo," nikasema.

"Na umande uule usiku kucha? Nendeni wote wawili. Sasa hivi, kabla giza halijaingia. Na mkirudi, mrudi mkiwa marafiki."

Tukashika njia.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mgongo wa mlima, lakini mbingu bado ilikuwa na rangi ya pichi. Mvua ya mawe ilikuwa imelala kwenye majani ya misonobari, nyeupe nyeupe, ikiyeyuka. Zenaida alitangulia. Nilimwangalia mgongo. Nilimwangalia hatua zake nyepesi, kana kwamba mlima ni wake. Roho ilinisokota kama nguo inayokamuliwa.

"Bado umenuna?" akauliza bila kugeuka.

"Tembea."

"Sikuja kukunyang'anya kitu, Librada. Mama hana kazi."

"Na wangu anayo? Tembea."

Akasimama. Nikamgonga kwa nyuma.

"Shh," akasema. "Unasikia?"

Nilisikia.

Rrriiii... rrriiii...

Mbali kidogo, ng'ambo ya miti yenye magome meupe. Taratibu. Kwa mpigo ule ule. Kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia.

"Nani anakata?" akanong'ona.

"Wote wako kambini. Tumewaacha wanakula."

"Basi ni nani?"

Harufu ilitufikia, ya mbao mbichi, tamu, harufu ya gogo linalokatwa sasa hivi. Na ndani yake harufu nyingine. Tumbaku ya kulima nyumbani, ile kali wanayovuta wazee. Hakuna hata mmoja wetu aliyevuta tumbaku.

Tukazunguka kona.

Sauti ikakatika.

Gogo lilikuwa pale, limelala kukingama njia, nene kama pipa. Msumeno ulikuwa ndani yake, tulivyouacha. Hapakuwa na mtu. Lakini mchana tuliuacha umeingia robo ya gogo. Sasa ulikuwa umepita katikati. Na chini yake, juu ya mawe ya barafu, kulikuwa na rundo la nyuzi ndefu za mbao, zile anazotoa mkataji hodari tu.

Nikainama nikazigusa.

Zilikuwa na joto.

"Umetuma watu," Zenaida akasema. "Umewatuma wanitishe, ili niondoke. Sema ukweli."

"Mimi? Mimi nikitaka uondoke nakwambia usoni!"

"Haya, tuuchomoe twende zetu."

Tukajaribu. Gogo lilikuwa limeubana. Njia ya kuuchomoa msumeno uliobanwa ni kufungua mpini mmoja na kuuvuta kwa upande wa pili. Nikazunguka nikaishika ile nati niliyoikaza kwa mikono yangu. Haikuzunguka. Nikaipiga kwa jiwe. Haikutikisika. Ilikuwa imeshikamana na mpini kana kwamba imeota pamoja nao. Na ule mpini ulikuwa wa baridi, baridi ambayo si ya mvua.

"Tukate tumalize," nikasema. "Kimebaki kidogo. Shuka chini."

"Nishuke mimi? Asubuhi yote nilikuwa chini."

"Gogo la kwanza ulikuwa chini. La pili nilikuwa chini mimi. Hili ni lako."

"Hili tulipolianza mchana ulikuwa wapi?"

"Juu."

"Basi ni zamu yako, Librada! Baada ya mvua ni kama gogo jipya."

"Gogo ni lile lile. Zamu ni ile ile. Usiniletee sheria za mjini."

Tukatazamana. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na hata leo nasema ilikuwa sahihi. Zenaida akatema mate, akashuka upande wa chini, akashika mpini ule wa baridi.

"Uuh..." akasema. "Barafu!"

"Vuta."

Tukavuta. Mwanzo ulikwaruza. Halafu ukakaa sawa. Giza lilikuwa likipanda kutoka bondeni, kutoka kule chini aliko yeye, na nilianza kumwona nusu, kofia na mabega tu juu ya gogo. Rrriiii... Ukaanza kuimba. Niliinamisha kichwa nikafumba macho. Sijawahi kukata hivyo. Kila nilipoachia uliondoka kwa wakati wake, kila nilipovuta ulinijia mwepesi kama uzi. Nikafikiri, kumbe mtoto huyu ni hodari hivi. Na pale pale, katikati ya utamu ule, kijicho kikanipanda kooni, kichungu. Hata hili ananishinda.

"Librada..."

"Vuta tu!"

"Librada, mimi nimeachia."

Nikafumbua macho.

Zenaida alikuwa amesimama pembeni, hatua kadhaa kutoka kwenye gogo, upande ule ule wa chini. Mikono yote miwili ilikuwa mdomoni.

Msumeno ulikuwa ukivutwa.

Uliondoka kwangu. Ukarudi. Ukaondoka.

Mpini wa upande wa pili ulikuwa hauna mtu. Ulikwenda na kurudi hewani, umesimama wima kama unavyosimama ukishikwa na mikono miwili.

"Achia!" Zenaida akapiga kelele. "Achia, Librada!"

Harufu ya tumbaku ikanijaa puani. Na sauti ikaja kupitia chuma, si kwa sikio, bali kwa kiganja, kama unavyosikia gari kwa kushika reli.

"Wewe husukumi," ikasema. Ya chini, ya mwanamume, ya kijijini kwetu kabisa. "Vizuri. Vuta."

Ungefanya nini wewe? Usiniambie ungekimbia. Hujawahi kupata mtu wa kuvuta sawa na wewe. Mimi maisha yangu yote nilivuta na watu wazito, wavivu, wenye kusukuma. Na Zenaida alikuwa analia sasa, mdomo wazi, bila uhodari wowote, na mimi nilikuwa nimeshika mpini.

Sikuachia.

Rrriiii...

Gogo likatoa mlio. Kraaa!

Kipande cha chini kikajinyanyua, kikageuka taratibu kama mtu anayegeuka kitandani. Kikaanza kubingirika. Hakikufuata mteremko moja kwa moja, na hilo nililiona kwa macho yangu. Kilikata kona. Kilimwendea.

Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Kelele zile zilisikika mpaka kambini.

* * *

Walimshusha bondeni usiku ule ule, wakampeleka hospitali. Mfupa uliungwa vizuri. Lakini homa ilimshika, na madaktari hawakuipata homa ile ilikotoka. Alikuwa akilala, mikono yake ikienda na kurudi juu ya shuka. Kuvuta na kuachia.

Walipomruhusu aletwe kwetu, Bibi alinishika sikio, umri wangu ule, akaniburuta mpaka kitandani kwa Zenaida.

"Ulimsifu?"

"Nilimsifu."

"Ulimgusa?"

"Sikumgusa."

"Mguse sasa, kijicho wee! Mguse!"

Nikamshika Zenaida paji la uso. Lilikuwa la moto kama jiko. Bibi akampitishia yai mwilini, kutoka utosini hadi nyayoni, akalipasua ndani ya glasi ya maji. Ndiyo dawa ya jicho kwetu. Kiini kikitulia na kujichora kama jicho, umejua.

Kiini kilitulia. Kikajigawa.

Yakawa macho mawili.

Bibi akaiangalia glasi ile muda mrefu. Moja alilijua. Akaninyooshea kidole. Halafu akaangalia la pili, na rangi ikamtoka usoni.

"Mpini uko wapi?" akanong'ona.

"Mpini gani?"

Alinipiga kofi. "Uliokuwa chini ya kitanda changu!"

Nikamwambia. Akakaa chini taratibu kama mtu anayekaa ndani ya maji ya baridi.

"Babu yako Casimiro alikuwa na mwenzake," akasema. "Eliseo. Walikata pamoja mataruma, magogo ya kulaza chini ya reli, tangu wakiwa wavulana. Hawakuwahi kukata na mtu mwingine. Watu walikuja kuusikiliza tu ule msumeno. Halafu wote wawili wakanitaka mimi."

"Na wewe ulimtaka nani?"

"Nilikuwa sijaamua." Alisema hivyo, mama wa watoto saba wa Casimiro. "Siku hiyo waligombana gogoni. Nani ashuke chini. Gogo likamlalia Eliseo, akafa ameushika mpini ule."

"Ilikuwa zamu ya nani, Bibi?"

Aliangalia dirishani.

"Babu yako alisema ni ya Eliseo. Mpaka anakufa alisema hivyo. Lakini akiwa usingizini alisema jambo lingine."

"Mbona hamkuutupa huo msumeno?"

"Tuliutupa," Bibi akajibu.

Zenaida homa ikamwachia siku ile, nusu. Akawa anakula. Lakini mikono ilibaki na mtikisiko, na mguu ukabaki mfupi.

"Ung'oe ule mpini," Bibi akaniambia. "Ukishindwa, usiushike tena. Rudi nyumbani. Achana na hiyo kazi."

Achana na hiyo kazi! Mia nane zangu, na nafasi yangu, na sasa hakuna wa kushindana naye?

Nikapanda mlimani.

Hadley alinipa wenzangu wa kukata nao, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alishika mpini ule mara moja, akauachia. "Una baridi," walisema. "Kuna mtu anauvuta pamoja nami," alisema mmoja, akaenda kubeba mawe, na hakurudi. Basi nikakata peke yangu. Msumeno mrefu unaweza kuvutwa na mtu mmoja, lakini ni kazi ya kuchosha, unayumba, unapinda.

Wangu haukuyumba. Uliimba.

Nilisimama juu. Kila gogo, juu. Chini sikushuka, na sikuulizwa. Vijana waliacha kula karibu nami. Hadley alikuja siku moja kunitazama, akasimama na tabasamu, halafu akaangalia upande wa pili wa gogo, na tabasamu likamkauka. Hakuja tena. Hakusema kitu pia. Njia zilifunguka, na alizihitaji zifunguke.

Na nitakuambia kitu ambacho hata Bibi sikumwambia. Nilikuwa na furaha. Jioni tuliponyamaza, mimi na yeye, niliweka kiganja kwenye chuma, na nilisikia kama mtu anayepumua baada ya kazi. Kijana mmoja wa jikoni aliponitania siku moja, akanishika kiuno kwa mzaha, usiku ule hema lake lilichanwa kutoka juu hadi chini, mchano mmoja, ulionyooka. Hakuumia. Lakini hakunitania tena, wala mtu mwingine.

Mwisho wa Agosti wakanipa bahasha yangu kwenye uwanja wa ofisi. Makofi yalikuwa machache. Aliyepiga kwa nguvu ni Zenaida, kwenye magongo yake. Akachechemea mpaka kwangu.

"Una mikono mizuri, binamu," akasema.

Akanigusa bega.

Halafu akasogeza mdomo sikioni mwangu. "Ile zamu ilikuwa ya nani, Librada?"

"Yako," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaondoka.

Mimi ni mtu wa haki. Anayefanya kazi hulipwa, na sikuifanya peke yangu. Jioni ile ile nikahesabu nusu, nikauweka msumeno begani, nikapanda mpaka kwenye gogo lile lililomvunja Zenaida. Niliweka noti juu ya kisiki kilichokuwa kando yake, nikaweka jiwe juu.

"Nusu yako," nikasema kwa sauti. "Tumemalizana."

Upepo ukatulia. Ndege wakanyamaza.

Begani mwangu msumeno ukawa mwepesi. Ncha ya nyuma ilinyanyuka, kama inavyonyanyuka mwenzako anapokuja nyuma yako kukusaidia kubeba.

Ikanigeuza.

Taratibu, bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Ikanizungusha kisiki, hatua kwa hatua, na miguu yangu ikafuata, mpaka nikajikuta mteremko uko mbele yangu, unapanda. Juu ya mteremko kulikuwa na gogo lingine. Halikuwepo nilipofika. Nalikumbuka pale mahali. Halikuwepo.

Nilikuwa nimesimama chini.

Na juu, ng'ambo ya gogo, mpini ulisimama wima gizani, ukingoja. Harufu ya tumbaku. Cheche ndogo nyekundu ikawaka, ikafifia, kwa kimo cha mdomo wa mtu.

"Chukua pesa zako!" nikapiga kelele. "Mia nne! Ndiyo nusu!"

Jiwe likadondoka kutoka kwenye kisiki. Noti zikaruka, zikanipiga usoni, moja moja, mvua ya karatasi. Zilikuwa za baridi.

Nikatupa msumeno, nikakimbia. Nyuma yangu sikusikia nyayo. Nilisikia tu ule mlio, rrriiii..., mara moja, kama mtu anayecheka kwa pua.

Asubuhi msumeno ulikuwa umetundikwa bandani kwa Bibi, mahali pake. Mipini yote miwili. Na zile mia nne zilikuwa zimerudi mezani, juu ya sahani.

Theluji sasa imeanguka. Kazi niliiacha, mia nane sijazigusa tena, ziko kwenye sahani ile mezani na hakuna anayezitaka, hata mama. Bibi ametoka, amehamia kwa shangazi, amemchukua na Zenaida. Kila jioni jua likishazama, bandani msumeno unaanza kuimba. Juzi ulikuwa ukutani. Jana ulikuwa umeegemea mlango wangu, mpini wa chini upande wa ndani. Naujua kwa ile nati.

Nimemwambia Eliseo kila kitu. Nimemwambia ni deni la babu, si langu. Nimemwambia kuhusu Zenaida, kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi, gogo ni lile lile, zamu ni ile ile. Ananisikiliza. Namsikia anavyopumua kwenye chuma. Nikimaliza, anajibu neno moja lile lile, kwa upole, kama mtu asiye na haraka.

Anasema, "Umekaa juu kiangazi chote."

Anasema, "Shuka, Librada. Ni zamu yako."